Mwaka wa Ng'ambo ya Daua

Dirisha la usajili la chuo cha uuguzi lilikuwa na kioo chenye tundu dogo upande wa chini, na aliyetaka kusema na karani ilibidi ainame mpaka kiuno kimuume. Alio aliinama. Alikuwa ametoka Rhamu, siku mbili ndani ya basi, na mgongo wake ulikuwa bado haujamsamehe. Nyuma yake walisimama mkewe Saynab na binti yao Weris, na nyuma ya hao ilijipanga foleni ya watu arobaini hivi, wazazi na watoto wao, kila mmoja na bahasha yake ya kaki mkononi.

Karani aliitwa Mursal, kijana wa hapo hapo Garissa, shati limepigwa pasi hadi linakata, simu mbili juu ya meza. Alichukua kitambulisho cha Weris akakiweka kushoto. Akachukua cheti chake cha shule akakiweka kulia. Macho yakaenda kushoto, yakaja kulia, yakarudi tena kushoto.

"Mzee, hii cheti ni ya nani?"

"Ya binti yangu. Weris."

"Kitambulisho kinasema amezaliwa Novemba 2006. Hii cheti inasema amezaliwa 1999, na amemaliza shule 2016." Mursal alipandisha sauti, kama wapandishavyo watu waliokaa nyuma ya kioo siku nzima. "Yaani kwa kitambulisho chake, huyu dada alimaliza sekondari akiwa na miaka kumi?"

Foleni ikacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Walikuwa watu waliochoka kwa jua, na mtu aliyechoka hucheka chochote. Lakini Saynab alivuta garbasaar yake mpaka ikamfunika nusu ya uso, na Alio, aliyekuwa bado ameinama, hakujua kama ainuke au abaki vile vile.

Weris alisogea akaweka mdomo karibu na tundu. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Rhamu, maana shule yote aliisomea ng'ambo ya mto Daua, upande wa Ethiopia. "Hii ni mwaka ya Ethiopia. Yao iko nyuma. 2016 yao ni 2024 yetu. Nimemaliza mwaka jana."

"Dada, mwaka ni mwaka."

"Huko si hivyo."

"Na hii darasa la kumi na mbili ni nini? Kidato cha nne chako kiko wapi?"

"Huko hakuna kidato. Unahesabu tu, moja mpaka kumi na mbili."

Mtu mmoja kwenye foleni alisema kwa sauti kwamba huyo kasoma mpaka madarasa yakaisha, na wakacheka tena.

Mursal hakuwa mtu mbaya, na hili lazima lisemwe. Alijaribu. Aliingiza 2006 na 2016 kwenye kompyuta, maandishi mekundu yakatokea. Akaingiza 1999, kompyuta ikasema haioani na kitambulisho. Akaigeuza skrini waione wenyewe, ingawa Alio hakujua kusoma. Mwaka uliopita karani aliyekaa kwenye kiti hicho hicho alipitisha vyeti vitatu vya kughushi, na leo anauza maji ya chupa kwenye kituo cha basi. Mursal alinunua maji kwake kila asubuhi, na kila asubuhi alikumbuka.

"Sikilizeni. Sisemi ni feki. Nasema siwezi. Cheti kinabaki hapa mpaka msajili arudi kutoka Nairobi. Anafika Alhamisi. Ijumaa saa kumi tunafunga usajili, na baada ya hapo ni mwaka ujao."

"Cheti kinabaki?" Alio aliuliza. "Hiyo iko moja tu."

"Ndiyo maana tunaitunza."

Hapo Alio akafanya jambo ambalo baadaye alitamani asingelifanya. Aliingiza mkono wake kwenye lile tundu, mkono mzima hadi kwenye kiwiko, akipapasa juu ya meza kutafuta karatasi ya mwanawe. Mursal aliivuta karatasi nyuma taratibu. Mkono ulibaki pale mezani, umefunguka, hauna kitu, na watu wote wakauona.

* * *

Walifikia kwa Olow, kaka yake Saynab, aliyeuza matairi karibu na kituo cha basi na kuijua milango ya ofisi zote za Garissa, ya mbele na ya nyuma. Aliwapa chai ya maziwa ya ngamia na kuwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, jambo lililokuwa geni kwake.

"Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, wewe ulitaja miwili?" alimuuliza shemeji yake.

"Ulikuwa mmoja," Alio alisema. "Ni ule ule."

Kosa lilikuwa lake, na ni kosa ambalo mtu wa kandokando ya Daua tu ndiye angeweza kulifanya. Siku aliyomvusha Weris mgongoni, mtoto wa miaka sita, kumpeleka shule ya ng'ambo kwa sababu shule ya huku ilikuwa imekimbiwa na walimu wake wa hesabu na wa sayansi, mwalimu wa kule alimuuliza amezaliwa lini. Alio akajibu: mwezi wao wa Hidar, 1999. Ukiwa kule unasema mwaka wa kule, kama vile unavyolipa kwa pesa ya kule. Na Machi mwaka huu, alipoulizwa swali lile lile na ofisa wa vitambulisho mbele ya wazee, akajibu: Novemba 2006. Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli. Novemba ile mto ulipofurika ukameza mashamba, Saynab alijifungua juu ya kilima wakati Alio anawavusha mbuzi, na kila mtu wa pande zote mbili anaijua siku hiyo. Haikumpitikia kwamba siku moja karatasi hizo mbili zingelala juu ya meza moja, mbele ya mtu asiyeujua mto.

"Shule ya kule si ingekuandikia barua?" Olow aliuliza.

"Ingeniandikia nikisimama tu mlangoni. Sikuomba. Nani angeomba barua ya kusema maji ni maji?"

"Sasa wapigie simu."

"Wamefunga," Weris alisema. "Alhamisi ni mwaka mpya wa kule."

Olow alimtazama mpwa wake, akatazama kalenda ya benki iliyoning'inia ukutani, iliyoonyesha Septemba tarehe tisa, kisha akamtazama tena. Alitikisa kichwa. Alikuwa ameishi miaka hamsini bila kujua kwamba kuna watu, safari ya siku mbili kutoka dukani kwake, ambao mwaka wao ulikuwa ukielekea kuingia 2018.

"Abti, wana miezi kumi na tatu," Weris alisema. Aliuona ule mshangao, naye akashindwa kujizuia, kwa sababu alilipenda somo hili tangu akiwa mdogo. "Kumi na miwili ya siku thelathini thelathini, na wa mwisho siku tano tu. Leo tumo ndani ya huo mdogo."

"Siku tano, nao wanauita mwezi?"

"Mwaka mwingine sita."

"Subhanallah," Olow alisema, na kwa muda alisahau kuwa kuna shida. Kisha akaikumbuka. Aliweka kikombe chini. "Nisikilizeni. Mambo haya ni matamu kuyasikia, lakini kompyuta ya yule kijana haitayanunua. Kompyuta inataka karatasi zifanane. Tuzifananishe basi. Kuna wakili pale karibu na mahakama. Anaandika hati ya kiapo kwamba mtoto alizaliwa 1999, kitambulisho kilikosewa, basi. Kesho asubuhi tunaimaliza."

"Ni uongo," Weris alisema.

"Ni karatasi," Olow akamjibu, si kwa ukali.

Alio alikuwa bado anauona mkono wake juu ya meza ya yule kijana.

* * *

Wakili alikuwa na feni iliyozunguka polepole na mpiga chapa aliyekuwa na haraka. Alitaka kujua nani ataapa.

"Mimi baba," Alio alisema.

"Mama yupo? Basi aape mama. Siku ya kuzaa anaijua aliyezaa, hata hakimu hawezi kubisha."

Saynab alisogezwa mbele. Tangu Rhamu alikuwa hajazungumza na mtu yeyote wa ofisi. Kazi yake katika safari hii ilikuwa kubeba blanketi la Weris, sufuria mbili na birika, na kuhakikisha binti hakai bwenini bila mswaki. Mpiga chapa alipiga, karatasi ikatoka, wakili akaisoma kwa Kiingereza kwa mbio. Olow akamtafsiria dada yake kwa Kisomali.

"Mimi Saynab, mkazi wa Rhamu, naapa kwamba mwanangu Weris nilimzaa mwezi wa Novemba mwaka 1999."

Saynab alisikiliza. Hakujua kusoma, lakini miaka aliijua, kwa ukame na kwa harusi na kwa vifo.

"Huo 1999 ni wa kule au wa huku?" aliuliza.

"Wa huku," Olow alisema.

"Wa huku." Saynab alihesabu kwa vidole. "Wa huku mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nachunga mbuzi wa baba kule Lafey."

Feni ilizunguka. Olow, aliyekuwa ndugu yake wa tumbo moja, na aliyekuwepo siku mahari yake ilipopokewa Januari ya 2004, alitazama sakafu. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Karatasi ile ilikuwa inasema, kwa muhuri na sahihi, kwamba dada yake alizaa akiwa mtoto, kabla ya ndoa, na kwamba Saynab mwenyewe ndiye aliyekuja kuapa hivyo. Karatasi kama hiyo haifi. Ingekaa kwenye faili hata wajukuu wake waje waisome.

Alio alihisi uso wake unawaka.

Saynab akakunja mkono wa nguo yake, akanyoosha kidole gumba. "Leteni wino," alisema.

"Saynab," Alio alisema.

"Unataka asome au hutaki? Mimi nimeshaolewa, nimeshazaa, nani ataniacha sasa kwa ajili ya karatasi? Leteni wino."

Wakili alisogeza kidau cha wino. Na Weris, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatalia mama yake hata kumimina maji, akaushika ule mkono uliokuwa hewani. Aliushika kwa mikono yake miwili, akaushusha mapajani mwa mama yake, akaushikilia hapo.

"Hooyo, hapana."

"Mwachie mama—" Olow alianza.

"Abti, nitarudi kulima vitunguu. Sitaingia chuo kwa jina hilo juu ya mama yangu." Kisha akamgeukia wakili, na kwa Kiswahili chake cha sokoni akasema, "Samahani. Chana hiyo."

Wakili aliitazama familia hiyo, akachukua karatasi, akaichana vipande vinne. Hakudai malipo ya wakili. Alidai ya mpiga chapa tu. Njiani kurudi Alio alitembea nyuma ya mkewe, hatua tano hivi, kwa aibu. Alimpenda mno siku hiyo, na alijichukia kwa kuwa wino ulikuwa tayari umefunguliwa naye amekaa kimya.

* * *

Alhamisi msajili alirudi. Aliitwa Isacko, mtu wa upande wa Wajir, mrefu, mkavu, mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kusikia vizuri. Mursal aliwaingiza ofisini wote watatu na kuweka cheti na kitambulisho mbele yake, akaeleza shauri lote kwa dakika mbili, bila kuongeza chumvi.

Isacko alikitazama cheti kwa muda mrefu. Nusu yake ilikuwa Kiingereza na nusu ilikuwa yale maandishi ya kule, ambayo kila herufi husimama kama mtu mwenye miguu.

"Nimewahi kusikia habari za miaka yao," alisema. "Kusikia tu. Msichana amesoma, anaweza kunipangia hesabu yoyote nikamwamini. Nataka kumsikia mzee. Mzee, kaa."

Alio alikaa kwenye ukingo wa kiti. Katika maisha yake ofisi zilimtaka dole gumba tu, hazikuwahi kumtaka neno. Kiswahili chake alikiokota sokoni, na p ilimtoka b, v ikamtoka f.

"Leo ni tarehe ngapi, kwenu huko ng'ambo?"

"Leo ni moja. Mwezi ya Meskerem. Mwaka mbya, 2018. Asubuhi ya leo imeingia."

Isacko aliivuta kompyuta karibu, akachapa kitu, akasoma. "Mwezi wa tatu 2013, tulipopiga kura?"

"Hiyo ni mwisho mwisho ya Yekatit. 2005. Mimi nilifuka asubuhi, nikabiga kura, nikarudi ng'ambo kumalizia kufuna."

Vidole vya Isacko vikagonga tena. Tarehe ishirini na tano, Yekatit, 2005. Alivua miwani.

"Uliolewa... samahani, ulioa lini?"

"Januari, 2004. Kule wanasema Tir, 1996."

Tena ikawa sawa. Mursal, aliyekuwa anatoka, alisimama mlangoni. Isacko alimtupia mwingine, ukame wa Julai 2011, na kabla hajamaliza kutamka mzee alishajibu: Hamle, 2003. Mwingine. Mwingine tena. Kompyuta ilitaka sekunde tatu kwa kila tarehe. Alio hakutaka hata moja.

"Unafanyaje?"

Alio alishangaa kuulizwa. Ni kama kumuuliza mtu anatembeaje. "Kutoka Sebtemba mbaka Desemba, unatoa saba. Januari mbaka Agosti, unatoa nane. Mwezi wao nayo inaanza siku nane, tisa, kumi hivi ya mwezi yetu."

"Kwa nini ulijifunza?"

"Si kujifunza. Mnunuzi wa ng'ambo anaagiza kitunguu kwa tarehe yake. Mtu wa Elwak anaagiza kwa tarehe ya hii." Alionyesha kalenda ya ukutani. "Halafu Ramadhani, Idi, hizo ni mwezi ya mbinguni, hizo zinatembea. Nikikosea moja, kitunguu inaoza. Kwa hiyo siwezi kukosea."

Isacko alikuwa amesoma miaka kumi na saba, na Mursal kumi na sita, na mbele yao alikaa mkulima asiyejua kuandika jina lake, akiwa amebeba miaka mitatu kichwani, ule wa huku, wa ng'ambo na wa Mtume, akiizungusha yote bila kuigonganisha. Mursal alihisi kitu ambacho hakukitarajia kazini siku ya Alhamisi. Alihisi udogo wake, na haukumuuma.

"Mursal," Isacko alisema. "Ramadhani wewe unaihesabu kwa kalenda gani?"

"Ya Hijra, bwana."

"Tuko mwaka gani?"

"Elfu moja mia nne arobaini na saba."

"Basi mwaka si mwaka tu." Alisema hivyo bila kumkejeli. "Mimi nilisoma Khartoum. Cheti changu kiliandikwa 1419. Niliporudi, karani mmoja aliniuliza kama nilisoma enzi za masultani. Nilikaa mwaka mzima nyumbani nikilinganishiwa karatasi. Mwaka mzima." Akavaa miwani, akamgeukia Weris. "Sasa wewe. Asilimia hamsini na nane. Hapa kwetu wanafunzi wengi wanaleta zaidi ya hapo. Nieleze hii."

Weris alinyoosha mgongo. Alijua swali hili litakuja, na aliliogopa kuliko la mwaka.

"Mtihani wa kule hatufanyii shuleni," alisema. "Tunapelekwa chuo kikuu. Sisi tulisafiri kwa lori siku nzima. Tulilala wiki moja kwenye bweni la chuo, askari mlangoni, hakuna simu, hakuna mwalimu wetu hata mmoja. Walimu wa chuo ndio wanasimamia. Maktaba yao ilikuwa na ghorofa tatu. Usiku taa zake hazizimwi." Alimtazama Isacko usoni. "Mstari wa kupita ni hamsini. Shule yetu tulikwenda mia moja na kumi na wawili."

"Mlivuka wangapi?"

"Watatu. Wavulana wawili na mimi."

Alio hakuwa ameijua idadi hiyo. Binti yake alirudi nyumbani akasema nimepita, na yeye alisema alhamdulillahi akaenda shambani, akidhani wamepita wote, kama mbuzi wanavyopita mtoni. Sasa alimtazama Weris kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake. Mia moja na kumi na wawili wakaenda, mia moja na tisa wakabaki chini ya mstari, na mmoja wa watatu waliovuka ni huyu, aliyemvusha yeye mgongoni. Macho yalimjaa maji na hakuyaficha.

"Barua ya Nairobi ya kulinganisha cheti umeomba?" Isacko aliuliza kwa sauti iliyopoa.

Weris alitoa stakabadhi ya ombi. Isacko aliichukua, akachukua fomu tupu ya usajili, na mahali ambapo kompyuta ingekataa akaandika kwa kalamu, kwa mkono wake: *Mwanafunzi amesomea Ethiopia. Miaka ya cheti ni ya kalenda ya huko. Nimehakikisha mwenyewe.* Akatia sahihi. Akapiga muhuri.

"Ni ya muda mpaka barua ya Nairobi ije," alisema. "Lakini Jumatatu anaingia darasani. Na watu wajiandae kuzoea. Watoto wetu wenyewe sasa wanahesabu gredi mpaka kumi na mbili, kama yeye."

Alio alimshika mkono kwa mikono miwili. Isacko hakuuondoa wake haraka.

* * *

Kilichobaki kilikuwa dirishani: kuandika jina kwenye daftari la wanafunzi wapya, na wazazi kuweka dole gumba. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya Jumanne. Wengine walikuwa wale wale. Aliyesema madarasa yameisha alikuwepo, karatasi zake nazo zimegoma.

Safari hii Mursal hakuwaacha wainame. Alifungua mlango wa pembeni, akatoka nje na daftari, akaliweka juu ya kiti cha plastiki kivulini. Kwanza alimrudishia Alio cheti, akakikabidhi kwa mikono miwili. Alio akakikunja ndani ya bahasha, bahasha akaitia kifuani, ndani ya shati. Alibonyeza dole gumba.

Ikafika zamu ya Saynab. Mursal alimsogezea wino, naye hakuusogelea.

"Hii inasema nini?" aliuliza kwa Kiswahili. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya Kiswahili kwa mtu wa ofisi tangu watoke Rhamu.

"Ni jina la mtoto, mama, na habari zake."

"Soma."

Mursal aliinamia daftari. "Weris Alio. Amezaliwa Novemba, 2006. Amemaliza darasa la kumi na mbili, Julai, 2024."

"2006."

"Ndiyo, mama."

Saynab alitazama foleni. Aliitazama yote, kuanzia mbele hadi pale ilipokunja kona, watu wale waliocheka juzi, na sasa wananyoosha shingo kuona karani amefuata nini nje. Aliishusha garbasaar yake kutoka usoni ikakaa mabegani.

"Soma tena," alisema. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Mursal alisimama wima, akalishika daftari kama khatibu siku ya Ijumaa, akasoma tena kwa sauti kubwa, neno kwa neno, mpaka mwisho wa foleni. Ndipo Saynab akakunja mkono wa nguo yake na kunyoosha kidole gumba.